Nairobi kwa Kupitia Modogashe, kwa Ajili ya Titi Moja

Wenzangu wa chumba cha walimu, nilipoaga niliwaambia naenda semina. Semina ya wiki tatu, katikati ya muhula, ya mwalimu wa Kiswahili ambaye hata semina ya siku moja huwa haitwi. Mkaniambia nenda salama, mkanipa ndizi za njiani, na hakuna aliyeuliza ni semina ya nini. Ama nyinyi ni watu wenye adabu sana, ama ni wavivu wa kuuliza. Sasa nimerudi, siwezi kuinua mkono nikafika juu ya ubao, na maswali yenu yamekuwa mengi kuliko ya mtihani wa mwisho. Basi nitasema, mara moja tu, na atakayecheka atasahihisha insha za kidato cha pili peke yake.

Habari ya kutafuta nafasi, fomu na simu nairuka. Hakuna mtu aliyewahi kufurahishwa na fomu.

Garissa: wiki za makatazo

Titi langu la kushoto halikuota. Haya, nimesema. La kulia lilikuja kwa wakati wake bila matata, la kushoto likabaki bapa, na juu ya ubapa huo pana alama nne za moto. Nilichomwa nikiwa na miezi mitano kwa sababu ya kikohozi. Wenyeji mnajua, wageni niwaeleze: kwetu mtoto akikohoa siku nyingi, kuna mtu hutia chuma kwenye makaa kikawa chekundu, akamgusa nacho kifuani ili ugonjwa utoke. Aliyenigusa mimi ni mdogo wa mama yangu, Habaryar Dahabo. Habaryar ni mama mdogo kwa Kisomali, na jina hilo huenda na kurudi: mimi namwita habaryar, naye ananiita habaryar vilevile.

Tangu nikiwa msichana wa shule nimekuwa nikijaza pengo. Nilianza na soksi, nikapanda cheo hadi kifuko cha mchele. Mchele una uzito wa haki, hauhamihami, ila joto la Garissa likizidi nilikuwa nahofia utaiva. Na msianze habari za mume. Sikutaka titi kwa ajili ya mtu. Nilitaka nikifika nyumbani nivue sidiria, nijilaze, na mtu akibisha hodi nifungue mlango bila kukimbilia mchele kwanza. Hilo tu. Nina miaka thelathini na mitatu, nimechoka.

Daktari wa upasuaji alikuwa mgeni kutoka nje, anakuja kutengeneza watu walioungua. Siku yangu ilikuwa Alhamisi, yake ya mwisho nchini. Nikiikosa, atarudi akijaliwa, na hakuna aliyejua lini. Nilipigia sheikh simu nikauliza kwa niaba ya rafiki. Akasema kurekebisha kilichoharibiwa hakuna neno, kisha akamwombea rafiki huyo afya kwa dua ndefu iliyonitia haya.

Halafu yakaja masharti. Wiki mbili nisiguse habasoda, kitunguu saumu wala tangawizi, kwa sababu hufanya damu isigande upesi. Nilikuwa sijui kwamba hivyo vitatu ndivyo vinavyoishikilia Garissa isianguke. Kila nyumba niliyoingia nilipewa chai ya tangawizi, na kila nilipoikataa nililetewa kijiko cha habasoda cha kuniponya kilichonifanya nikatae chai. Nijizoeze kulala chali, mimi ninayelala kifudifudi kama mjusi. Nishone nguo inayofunguka mbele, kwa kuwa baada ya upasuaji mikono haitapanda. Fundi akapima, akatabasamu, akauliza, "Mashallah, mwalimu, unajifungua lini?" Kufikia jioni nilikuwa na mimba mtaa mzima.

Sharti la mwisho ndilo lililoniua. Nisiwe na kikohozi wala kidonda chochote, na nije na ndugu wa damu, mtu mzima, anayejua magonjwa yangu ya utotoni. Mama yangu alikufa. Baba pia. Aliyebaki anayejua utoto wangu alikuwa mmoja tu, na yuko Modogashe, na ndiye aliyenichoma.

Modogashe: tukamngoja ngamia

Garissa hadi Nairobi ni safari ya siku moja, barabara imenyooka, unalala, unaamka, umefika. Mimi nikapanda basi la kuelekea upande mwingine kabisa. Nilifika Jumapili adhuhuri, nikidhani tutaondoka Jumatatu asubuhi.

Habaryar Dahabo ni mwanamke mrefu, mwembamba, ana sauti ya kuita ngamia na hana nyingine. Hajawahi kuniona bila nguo tangu nilipokuwa mchanga, na mimi sikuwahi kumwambia. Kwenye simu nilisema tu kwamba daktari wa Nairobi anataka kuangalia kifua changu. Akafurahi kupita kiasi.

"Kifua hicho nakijua mimi," alisema nilipokaa. Kati yetu tunaongea Kisomali, hapa nawatafsiria. "Kilikuwa kinapiga filimbi. Watu walikwisha kukata tamaa. Mwambie daktari ni nani aliyekiponya."

"Nitamwambia, habaryar."

"Mwambie vizuri."

Jumatatu hatukuondoka. Ngamia wake mmoja alikuwa amekaribia kuzaa na alikuwa hajarudi kutoka malishoni, na mtu hasafiri akiacha jambo kama hilo. Nikamweleza habari ya Alhamisi. Akaniuliza kama daktari huyo anazaa. Tukamngoja ngamia. Nikalishwa anjera, ile mikate yetu laini, na maini asubuhi, nikalishwa mbuzi mchana, kisha tena maziwa, kwa kuwa nilikuwa nimekonda na daktari angedhani sina watu. Ngamia akarudi alasiri, bila mtoto, tumbo lake vilevile, akatutazama kwa dharau. "Bado," akasema Habaryar, kana kwamba ni habari njema. "Basi twende kesho."

Kurudi Garissa ili tushike barabara nzuri, alikataa. Alisema yeye harudi nyuma ili aende mbele. Basi la Isiolo lilikuwa limekwisha kupita, lakini yupo Kinoti, dereva wa lori anayemnunulia mbuzi, mtu wa Meru, naye angetupa nafasi pale mbele pamoja naye. Habaryar akafunga mzigo: ndoo ya nyirinyiri, ile nyama iliyokatwa vipande vidogo ikakaangwa na kuhifadhiwa ndani ya samli, shuka mbili, msala, na kitu kirefu chembamba kilichoviringishwa kwenye kitambaa. Sikuuliza. Nilikijua.

Modogashe hadi Isiolo: mbuzi sitini na kikohozi kimoja

Barabara inajengwa. Imekuwa ikijengwa muda mrefu hivi kwamba kuna watoto waliozaliwa kando yake wakidhani vumbi ndiyo hali ya hewa. Kinoti alifungua madirisha kwa sababu ya harufu ya mbuzi, akayafunga kwa sababu ya vumbi, akayafungua tena, na kwa utaratibu huo tukapata vyote viwili sawasawa. Nilijifunga mtandio puani mara mbili. Haikusaidia kitu. Tulipofika kwenye kibanda cha chai cha kwanza nilikuwa nakohoa.

Nilikohoa nikiangalia saa. Jumanne, saa nne asubuhi. Kesho saa tisa mchana natakiwa niwe mbele ya nesi atakayesikiliza kifua changu. Miaka kumi na minane ya mchele, na sasa ningerudishwa nyumbani na vumbi la Modogashe. Niliogopa, sitawadanganya. 

"Mama yako ana homa?" Kinoti akamuuliza Habaryar, akidhani kwa sababu naitwa habaryar basi mimi ndiye mkubwa. Sikuwa na nguvu za kumsahihisha.

Habaryar alikuwa ameshuka. Nikamsikia akimwambia mwenye kibanda kwa Kiswahili chake, ambacho p huwa b na v huwa f, "Mama, nibe makaa kidogo. Makaa fizuri, nyekundu."

Nikaruka nje ya lori. Alikuwa amechuchumaa kando ya jiko, kitambaa kimefunguliwa, chuma kimelala kwenye goti lake kama kijiko tu cha kukorogea chai.

"Hapana, habaryar."

"Ni nukta moja. Mgongoni. Daktari hataiona."

"Nikiwa na kidonda kimoja tu hatanipasua!"

Akanitazama. "Kupasua? Si anaangalia?"

Hapo ndipo nilipoharibu. Ningeweza kumwambia kila kitu pale, mbele ya maandazi. Badala yake nikasema ni jambo dogo la ndani ya kifua, asijali. Na yeye, kwa kuwa jambo lolote la ndani ya kifua ni la kwake, akanisimulia njia nzima wale wote aliowahi kuwachoma: nani alipona siku hiyohiyo, nani leo ni dereva, nani ana wake wawili. Kinoti akavutiwa sana, akaomba ushauri kuhusu goti lake. Ninafundisha darasa la wanafunzi hamsini na wanane na sijawahi kutamani kuziba masikio kama siku ile.

Kizuizini kabla ya Isiolo: mchele unamwagika

Kwenye kizuizi cha polisi tukateremshwa kama kawaida yetu, vitambulisho mkononi. Ninyi mnaotoka huku mnajua kwamba kitambulisho chetu husomwa kwa makini kuliko riwaya. Wanawake tukaingizwa ndani ya hema kukaguliwa na askari mwanamke, mimi na Habaryar pamoja.

Askari alikuwa msichana mdogo, mpole, kazi anaifanya taratibu. Akanipapasa upande wa kulia, akaenda wa kushoto, akasimama. Akabonyeza. Uso ukabadilika.

"Hii ni nini?"

"Mchele."

"Mchele gani?"

Mtu mwenye akili angejibu kwa upole. Mimi nikasema, "Wa pilau."

"Fungua."

Nikafungua. Kwa kuwa Mungu ananipenda, uzi wa kifuko uliachia palepale, mchele ukamwagika kwenye meza ya kukagulia, kwenye viatu vya askari, na juu ya kitambulisho changu. Nikabaki nimesimama na nguo wazi. Yule askari aliona alama nne na ule ubapa, akashika mdomo. "Pole, dada. Woi, pole sana." Akapiga magoti akaanza kuokota mchele punje kwa punje, mimi nikimwambia aache, yeye akikataa, hadi nikacheka kwa sababu ningefanya nini kingine. Akatafuta sindano kwenye mkoba wake, akakishona kifuko mwenyewe, mishono mizuri kuliko ya fundi wangu mwenye mimba zake.

Habaryar Dahabo hakuokota kitu. Alisimama pale mlangoni, mkono kwenye kitambaa cha hema, macho kifuani pangu. Nilifunga nguo. Bado akatazama palepale.

Kutoka hapo hadi Isiolo hakusema neno. Tulilala Isiolo kwa watu wake, wakatuletea wali na nyama ya mbuzi, akala vijiko viwili akasema ameshiba. Asubuhi tukashika gari la Nairobi. Tukapita Meru yote ile ya kijani, ambayo kwa kawaida ingemfanya atukane kwa wivu wa majani. Hakugeuza hata shingo. Mimi nilikohoa, yeye akanipa maji. Alipokuwa ananisimulia wagonjwa wake nilitamani anyamaze, na sasa alikuwa amenyamaza na ilikuwa mbaya zaidi. Nilikuwa na hasira naye. Niseme wazi: nilikuwa na hasira naye tangu nilipokuwa na miaka kumi na mitatu, na kule kunyamaza kwake kukanifanya nione kana kwamba mkosaji ni mimi niliyeonekana.

Nairobi: alama ya nne

Tulifika hospitalini na nusu saa ya akiba, ndoo ya nyirinyiri mkononi. Mlinzi alitaka kujua ndani kuna nini. Habaryar akafunua, mlinzi akaonja, mlinzi akasema tupite.

Nesi alikuwa mama wa makamo, mcheshi, ndiye aliyetafsiri kati yetu na daktari. Walisikiliza kifua, wakanipiga picha, wakasema ni vumbi, mapafu ni safi. Nikamshukuru Mungu mapema mno. Daktari alivaa miwani, akainama juu ya makovu yangu, akayagusa moja moja kwa kidole. Kisha akasoma fomu yangu tena.

"Hapa umeandika ulimwagikiwa maji moto," nesi akatafsiri.

Ndiyo, niliandika hivyo. Ningemwambiaje mgeni kwamba kwetu tunachomana kwa mapenzi?

"Anasema haya si maji. Maji hutambaa, haya ni mashimo. Na hili moja limeingia ndani sana. Anataka kujua ilikuwaje, lilioza, lilitoa usaha, lilifika mfupani? Atatia kitu kigeni chini ya ngozi hii. Kama hajui kilichotokea hapo, hatatia. Anasema samahani."

Sikujua. Nilikuwa na miezi mitano! Nikaanza kusema chochote, kwamba nadhani halikuoza, kwamba mama alisema, mama hakusema, nikasikia sauti yangu ikipanda kama ya mwanafunzi ambaye hakusoma. Daktari alitikisa kichwa polepole. Ile Alhamisi niliiona ikiondoka mbele ya macho yangu.

"Sista," akasema Habaryar. Si ile sauti ya ngamia. Sikuijua sauti hiyo. "Sikiliza mimi. Si maji. Ni moto. Mimi nilichoma."

Nesi akageuka.

Habaryar akasogea, akaweka kidole kifuani pangu. "Hii moja. Hii mbili. Hii tatu. Kikohozi yake ilikuwa siku saba. Dada yangu alikuwa amezika watoto wawili. Nikachoma tatu, halafu nikasema basi."

"Na hili la nne?" nesi akauliza. Lilikuwa lile la ndani, lile la katikati.

Kidole chake kilibaki kwenye la tatu, nikadhani hajaelewa. Nikamtafsiria kwa Kisomali.

"Nimesikia," akanijibu. Kisha akamwambia nesi, "Ya nne hakuna. Ya nne ni makosa. Nilikuwa nainua chuma, mtoto akaruka, mkono yangu ikateleza. Ikaingia. Ikakaa." Kidole kikaja juu ya hilo la nne. "Ikaoza mwezi moja. Mfuba haikufika. Nilikuwa naosha mimi kila siku, maji na chumfi. Mama yake nilimwambia ni nne, ni dawa ya nne. Hakuna mtu anajua. Mimi najua."

Miaka thelathini na mitatu. Njia yote ile ya vumbi alinisimulia waliopona, na hili amelibeba peke yake. Hakuwa amejua lilichoniletea, hadi pale kwenye hema.  

Nesi alitafsiri. Daktari aliuliza maswali matano au sita, Habaryar akayajibu yote, siku, rangi ya usaha, homa, bila kunitazama. Daktari akaandika. Kisha akasema, kesho, wa kwanza, saa mbili asubuhi. Habaryar akaweka dole gumba kwenye karatasi, akalifuta wino kwenye kanga yake.

Nje kwenye korido nikamwambia, "Nina hasira na wewe, habaryar."

"Najua."

"Sana."

"Haki yako." Akaketi kwenye benchi, ndoo miguuni. "Nikae au niende?"

Nikamwambia akae. Nilikuwa nalia, na nilikuwa nahitaji mtu wa kunishika nikitoka kwenye dawa ya usingizi, na hakuna mwingine duniani aliyeniosha pale mahali kila siku kwa mwezi mzima.

Garissa tena: mtangazaji

Upasuaji wenyewe siwezi kuusimulia, nilikuwa nimelala. Niliamka na maumivu kama ya kukanyagwa na wale mbuzi wote wa Kinoti. Daktari alinitia kifuko kidogo upande wa kushoto, na wa kulia akaurekebisha kidogo ili yawe ndugu. Si mapacha, alisema nesi, ndugu. Yananitosha. Nyumbani navaa dera, chini yake bandeji tu, na jana muuza maziwa alibisha hodi nikafungua papo hapo. Alishangaa nilivyomkaribisha kwa furaha. Aliniuzia lita mbili nisizozihitaji.

Habaryar tulirudi naye kwa ile barabara iliyonyooka, kwa siku moja, na hakuona cha kusema juu ya hilo. Yuko kwangu, ananiogesha, ananipikia. Nilikuwa nimepanga kuwaambia kwamba semina ilikuwa nzuri, ila nilianguka kwenye ngazi, nikateguka bega. Nilikuwa nimeipanga vizuri, na jengo lenye ngazi ningelitafuta.

Lakini wageni wanakuja kunijulia hali, mnajua Garissa, na mlango anafungua yeye. Alikuja mke wa jirani, akaja fundi kuangalia mtoto wangu, akaja mwalimu mkuu na mkewe. Kila anayeuliza mwalimu anaumwa nini, kabla sijafungua mdomo kutaja ngazi, yeye hutua sinia ya chai, akasimama wima, akajibu kwa Kiswahili ili wote wasikie: "Nilimchoma fibaya mimi, alibokuwa mdogo. Sasa ametengenezwa."

Nimemwomba aache. Anasema hapana, hili ni lake, amelificha vya kutosha.